Wafu wa Buhinda Wahame

Shefu wa zoni, mtawala wa eneo lile, alipanda juu ya kreti la bia mbele ya msikiti, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatafuta viatu vyao baada ya swala ya Ijumaa, akafungua karatasi. Kreti ndilo lililowaudhi watu kwanza. Mtaa mzima wa Buhinda haukukosa kiti, wala benchi, wala hata kinu cha kupindua, lakini bwana huyu, aliyezaliwa njia mbili tu kutoka pale na kula pilau la Idi kwa majirani tangu utotoni, hakuona pa kukanyaga ila pale. Basi watu wakawa wananong'ona juu ya kreti, na maneno yenyewe yakawapita. Ikabidi asome tena.

Baraza la zoni limekaa, alisoma, na limeamua. Makaburi ya Waislamu yaliyoko kilimani, juu ya mtaa, yataondolewa. Pale patakuwa parking ya malori yanayotoka Muyinga, kwa sababu vita vinaelekea kupoa na biashara inarudi Gitega. Kila familia imtambue mtu wake, imfukue, impeleke kwenye kiwanja kipya upande wa njia ya Makebuko. Wamepewa wiki tatu. Kaburi lisilo na mwenyewe litasukumwa na mashine.

"Itasukuma nini?" aliuliza mtu mmoja.

"Udongo," alijibu shefu.

"Na ndani ya udongo kuna nini?"

Shefu akakunja karatasi yake mara nne, akashuka, akaondoka na kreti lake kwapani. Ilikuwa mwaka elfu mbili na tatu, mwaka wa kumi wa vita, na watu wa Buhinda walidhani wameshaona kila namna ya tangazo. Walikuwa wameshaambiwa wafunge maduka saa kumi, wakate mahindi yote yaliyo karibu na barabara, wasitembee zaidi ya watatu. Yote hayo waliyameza. Lakini kuambiwa wafu wahame, hilo lilikuwa jipya.

Habari zilimkuta Salima kibarazani kwake, anashona kofia. Jirani yake Fatuma alikuja mbio, kitenge kimelegea kiunoni, akayasema yote kwa pumzi moja. Salima hakuelewa. Akamwambia arudie taratibu. Fatuma akarudia taratibu, na safari hii Salima alielewa, sindano ikamwingia kidoleni na asiisikie.

"Makaburi yote?"

"Yote, Mama Amissi."

"Na ya Amissi?"

"Si nimekwambia yote?"

Salima alikuwa mwanamke wa sauti. Akigombana na muuza mkaa, wanaopita barabara kuu walijua bei ya mkaa imepanda. Siri haikukaa kwake hata kwa dawa. Alikuwa akianza na "nakuambia we tu", na kabla ya magharibi mtaa mzima umeshaambiwa wao tu. Watu walimpenda hivyo hivyo, na wenye mambo yao ya ndani walimpenda kwa mbali kidogo. Siku hiyo Fatuma alisubiri ukelele, maana alikuja makusudi ausikie. Salima aliketi tu, damu inamchuruzika juu ya kofia nyeupe ya watu.

Alikuwa amezaa wawili. Swabra, mkubwa, aliolewa Muyinga. Wa pili alikuwa Amissi. Oktoba ya mwaka wa tisini na tatu, Amissi akiwa na miaka kumi na tisa, alikwenda kumtazama dada yake, akapanda lori la maharage kurudi nyumbani, na wiki ile ile nchi ikawaka. Miti iliangushwa barabarani, madaraja yakavunjwa. Lori lilikutwa limeungua. Siku tisa mfululizo Salima alitoka asubuhi kwenda barabarani, akimuuliza kila mwenye bunduki na kila mwenye panga kama amemwona kijana mwenye shati la kijani. Wanawake wengine wawili waliotoka kama yeye hawakurudi. Siku ya kumi wanaume wanne wa mtaa walifika na jeneza. Walisema wamempata, na walimsihi asifunue sanda, kwa kuwa hakukuwa na sura iliyobaki ya mama kutazama. Aliyemkafini alikuwa Mzee Husni, muosha maiti wa Buhinda. Na kwa kuwa kwao mwanamke hafuati jeneza, Salima alibaki mlangoni, akitazama migongo ya wanaume ikipanda kilima mpaka ikapotea.

Tangu siku hiyo alikuwa na kaburi. Halikuandikwa jina, maana kilimani pale hakuna lililoandikwa. Ni jiwe kichwani na jiwe miguuni, na ramani yote iko kichwani mwa Mzee Husni. Kila Alhamisi baada ya alasiri Salima alipanda na ufagio wake, akafagia, akaketi, akamsimulia mwanawe habari za mtaa, nani kaoa, nani kaachika, unga umefika bei gani. Mwaka wa tisini na sita risasi zilipoingia Buhinda na nusu ya watu wakakimbia, yeye hakukimbia. Swabra alituma watu kutoka Muyinga, mwaka baada ya mwaka, mama aje, aje hata kwa wiki moja, kuna jambo lazima aje alione kwa macho yake. Salima alidhani ni hila za mtoto anayetaka kumhamisha mama yake. Jibu lake lilikuwa lile lile kila mara, kwamba hawezi kumwacha Amissi peke yake.

Sasa zoni ilikuwa inataka kumpitishia malori.

Jumatatu, watu wa Buhinda walikwenda ofisini kwa zoni, wanaume kwa wanawake, wakajaza ukumbi na waliobaki wakachungulia madirishani. Mjumbe wa baraza, mtu mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni, aliwapokea vizuri, na uzuri huo ndio uliowatia wasiwasi. Aliwaambia wazungumze, yeye yuko pale kuwasikiliza. Wakazungumza. Mshona viatu mmoja, naye akiitwa Amissi kama marehemu, alisema vumbi la malori litaua watoto wa madrasa. Mwingine alisema madereva wanakuja na pombe na tamaa, na mtaa una mabinti. Wa tatu alisema maji ya mvua yote ya kilima yatashuka kwenye nyumba zao. Mjumbe aliandika kila neno kwa kalamu ya kwanza.

"Bon," alisema mwishoni. "Nimeandika yote. Lakini decision imeshapita."

"Imepita wapi?" aliuliza Salima. Alikuwa mbele kabisa. "Iko watu saba kwa baraza. Wawili ni wa hapa Buhinda. Waliulizwa?"

"Tangazo ya réunion ilibandikwa kwa mlango, mama."

"Kwa mlango ya nani?"

"Ya ofisi. Kwa Kifaransa, ndiyo, lakini ilibandikwa wiki mbili."

Ukumbi ulilipuka. Mtu alicheka kwa hasira, mwingine akapiga ukuta. Salima alisubiri kelele zipungue, akamsogelea mjumbe mpaka akaona pua yake mwenyewe kwenye miwani ya yule bwana.

"We sikia, mtoto wangu. Watu walio hai mumetuhamisha, tukahama. Mumetuambia tulale chini, tukalala. Lakini yule mtoto yangu iko pale juu hana miguu. Hawezi kuhama. Mi sitamtoa. Mukileta mashine, ianze na mimi."

Watu walishangilia. Mjumbe alitoa kalamu ya pili, akaandika na hayo. Siku tatu baadaye vigingi vyenye rangi nyekundu vilikuwa vimeshapigwa kilimani, kimoja kila hatua ishirini.

Jambo moja watu hawakulitilia maanani siku ile, wakaja kulikumbuka baadaye. Mzee Husni hakwenda ofisini. Yeye ambaye makaburi yale ni kama shamba lake alisema anaumwa mgongo. Alhamisi alionekana akipanda kilima bila dalili ya kuumwa mgongo, akamkuta Salima ameketi na ufagio wake, akachuchumaa kando.

"Mama Amissi," alisema, "mi nilikuwa nawaza. Hawa watu wa zoni hatutawaweza. Afadhali tuchimbe shimo moja kubwa kule chini, tuwaweke wote pamoja, tuwasomee dua moja. Wote ni ndugu."

Salima alimtazama kama aliyemwagiwa maji. "Shimo moja? Mtoto yangu si mihogo, kaka Husni."

"Basi niachie mi nimfukue peke yangu, alfajiri. We usije. Hii si kazi ya mama."

"Kwa nini isiwe kazi ya mama?"

"Desturi."

"Mara ya kwanza nilibaki mlangoni kwa desturi," alisema Salima. "Sasa sibaki. Nitasimama pale pale, mumtoe mbele yangu, nimpokee kwa mikono yangu."

Mzee Husni alinyanyuka kwa kushika jiwe la kichwani, kisha akaliachia haraka kama limemuunguza. Salima aliona hayo yote na hakuyapa maana yoyote. Alimwona mzee amechoka tu.

Wiki ya tatu ikafika. Watu walikuwa wamekwishakubali, si kwa kupenda, bali kwa kuona mashine ya njano imeegeshwa chini ya kilima. Jumanne asubuhi wanaume walipanda na majembe na sanda mpya. Wanawake walisimama kwenye mikaratusi, mbali kidogo, na safari hii hakuna aliyewafukuza. Karani wa zoni alikuwepo na daftari. Kila kaburi lililofunguliwa alilipatia namba, na namba ile ikaandikwa kwenye kibao cha kwenda nacho kiwanja kipya. Kazi ilikwenda vizuri kuliko watu walivyoogopa. Mifupa ilitoka safi, ikafungwa kwa adabu, watu wakalia kidogo na kusoma Fatiha. Mzee Husni alionyesha kaburi moja baada ya lingine bila kukosea hata moja. Lile la Amissi aliliruka mara mbili, mpaka Salima akaita kutoka kwenye mikaratusi kwamba zamu imepita.

Aliyeingia shimoni alikuwa Nassoro, kijana wa dada yake Husni, mchimbaji wa visima. Alichimba mpaka kifuani, akafika kwenye mwanandani, pale pembeni mwa shimo anapolazwa maiti na kuzibwa kwa mbao. Mbao zilikuwa zimeoza, akazitoa vipande vipande. Akaingiza mkono. Akautoa. Akauingiza tena mpaka begani, akapapasa kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Mjomba," alisema, "hapa hamna kitu."

"Funika," alisema Mzee Husni.

"Nasema hamna mtu, mjomba. Hata mfupa moja."

Salima alikwishafika. Hakuna aliyemwona akitoka kwenye mikaratusi. Watu walipisha, naye akapiga magoti ukingoni na kuinamia shimo. Nassoro alikuwa ameshika tope jeusi kiganjani na kipande cha sanda kisichozidi leso. Alilisugua lile tope kwa kidole gumba, na ndani yake zikatokea nyuzi, ndefu, zimelala upande mmoja. Hakuna mtu katika nchi ile asiyezijua nyuzi zile. Wanafungia nazo mizigo, wanafungia kuni, wanafungia mbuzi.

"Ni mgomba, bibi," alisema Nassoro, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Hii ni mgomba."

Mtu mmoja kwenye kundi la wanawake alicheka, kicheko kifupi cha kutisha, kisha akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Mzee Husni aliketi chini kwenye udongo mbichi, akiwa na kanzu yake nyeupe ya kazi.

"Hatukumpata," alisema. "Tulipata lori tu. Ndani iko majivu, hatukujua ya maharage ni wapi na ya watu ni wapi. Na we ulikuwa unatoka kila asubuhi, Mama Amissi. Mke wa Rajabu, naye alikuwa anatoka kama we, walimkatia pale pale ulikuwa unasimama. Tukasema sisi wanne, huyu tukimpa kaburi atakaa nyumbani. Atalia, lakini atakaa. Tukakata mgomba ya kimo yake. Mi niliukafini kwa hii mikono."

"Mukauswalia?" aliuliza Imamu, aliyekuja mtaani miaka ya baadaye.

"Oya, hatukuuswalia. Tulisimama safu tu, kimya, watu wasijue. Nilijua ni dhambi. Wenzangu watatu wameshakufa, nimebaki nayo mi peke yangu." Akamgeukia Salima. "Umbabarire, dada, unisamehe. Ulikuwa hai. Tulitaka ubaki hai."

Mtaa mzima ulisubiri ukelele. Ukelele haukuja. Salima alikuwa akilitazama lile tope kiganjani mwa Nassoro, midomo yake inacheza bila sauti. Aliyoyasimulia pale miaka kumi, ndoa na talaka na bei ya unga, alikuwa ameusimulia mgomba. Alikuwa ameufagilia. Siku za Idi alikuwa akiupelekea salamu kabla ya kumpa mkono mtu yeyote mwenye uhai.

Karani wa zoni, ambaye kazi yake ilikuwa namba, alikohoa. Aliuliza, kwa heshima zote, kama kaburi tupu linahesabiwa.

"Futa," alisema Salima. Ndilo neno pekee alilosema kilimani baada ya shimo kufunguliwa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa amesimama mbele ya duka la Bahizire, Mkongomani wa Kivu aliyekimbia vita vya kwao akaja kuuza vitenge kwenye vita vya wenzake. Bahizire alikuwa na gari dogo aina ya pikapu na kila wiki alipeleka mzigo Muyinga. Habari alikuwa nazo, kwani Buhinda nzima haikulala. Hakumuuliza kitu. Alisogeza marobota, akafuta kiti cha mbele kwa mkono wa shati.

"Panda, mama. Mi nakufikisha mpaka kwa mlango ya mtoto yako."

Njiani, kwenye kila kizuizi, askari walichungulia ndani na Salima hakuwatazama. Alikuwa anahesabu jambo moja. Ni yeye aliyepiga kelele kuliko wote ofisini. Ni yeye aliyesema mashine ianze naye. Kama wale watu wa baraza, na kiburi chao na tangazo lao la Kifaransa, wangemsikiliza hata kidogo, angefagia mgomba mpaka siku ya kufa. Hakujua amshukuru nani na amlaani nani, na kutojua huko kulimkasirisha zaidi ya yote. Sasa alikwenda kumwambia Swabra kwamba mdogo wake hana hata kaburi. Alijiandaa kumshika binti yake akianguka.

Swabra alitoka mlangoni na unga mikononi, akapiga kelele za furaha, akamkumbatia mama yake na kumpaka unga mgongo mzima. Miaka sita alikuwa akimwita. Wajukuu walipangwa mstari wamwamkie bibi yao. Salima aliwashika vichwa mmoja mmoja, kisha akasema akiwa bado amesimama, kwa sababu alijua akiketi hatasema.

"Swabra, mdogo wako hayuko kaburini. Walizika mgomba."

Swabra hakuanguka. Hata hakushtuka. Aliwatoa watoto nje, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akaja kuketi mbele ya mama yake, magoti kwa magoti.

"Mama, chukua mtandio yako uweke kwa mdomo."

"Kwa nini?"

"Weka kwanza."

Salima akaweka.

"Amissi yuko hai. Yuko Giteranyi. Anatengeneza baiskeli. Miaka sita sasa."

Sauti iliyotoka ndani ya mtandio ule Swabra hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Alimshika mama yake mikono yote miwili mpaka ikatulia. Kisha akamwambia yote, haraka, kwa sauti ya chini. Lori liliposimamishwa Amissi aliruka, akavunjika mguu, akajikokota mpaka msituni, akachechemea na fimbo siku na siku mpaka Tanzania, akakaa kambini miaka. Mwaka wa tisini na saba alivuka mpaka kwa njia ya miguu, akabisha hodi kwa dada yake. Swabra, aliyemlilia siku arobaini, alizimia kizingitini. Alipozinduka alimwambia nduguye kwamba kwao Gitega ameshazikwa. Jina lake limekwishafutwa kwenye daftari la zoni. Na wakati ule, kijana aliyehesabiwa amekufa, akatokea ghafla kutoka Tanzania na mguu wenye kovu, hakuwa na maelezo ya kumridhisha mtu mwenye bunduki. Angeambiwa ametoka msituni kwa waasi. Watu walichukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Basi akajiita Juma, akakaa Giteranyi, karibu na mpaka.

"Na mi?" Salima alitoa mtandio. "Mi mama yake? Mulishindwa kuniambia mi?"

"Nilikwambia uje."

"Uliniambia nije. Hukuniambia kwa nini!"

"Barua zilikuwa zinafunguliwa. Na siri hii ningempa nani ailete kwa mdomo? Na we, Mama..." Swabra alisita.

"Na mi nini?"

"We ungeimba, Mama. Ungetoka nje ukapiga vigelegele mpaka kambini kwa askari wangesikia. Wangemfuata."

Salima alitaka kukataa. Alifungua mdomo amtukane binti yake, mtoto mkosefu wa adabu, na akaona picha yake mwenyewe barabarani Buhinda, amevua mtandio, anamwambia muuza mkaa, anamwambia Fatuma, anawaambia wao tu. Akaurudisha mtandio mdomoni. Hakuna aliyewahi kumpiga kofi zito kama lile, na aliyelipiga alikuwa amesema kweli.

Walikwenda Giteranyi kesho yake, kila mmoja amebebwa nyuma ya baiskeli, njia nyembamba kati ya migomba na kahawa. Salima hakuitazama migomba. Njia nzima alimuuliza Swabra maswali madogo, kama bado anapenda maharage yenye mawese, kama anasali, kama ana mke. Swabra alijibu alivyoweza. Hana mke. Alikataa kuoa kwa jina lisilo lake.

Kwenye soko dogo, chini ya bati lililosimamishwa kwa nguzo mbili, mtu alikuwa ameketi juu ya kigogo akinyoosha ringi ya baiskeli kwa spana. Alikuwa na ndevu. Mguu mmoja ulikuwa umenyooka mbele yake na haukukunjwa. Salima alikuwa amekuja kumtafuta kijana wa miaka kumi na tisa mwenye shati la kijani, hivyo macho yake yakampita yule mtu, yakaenda kwa mwingine, yakarudi.

Mtu yule aliinua kichwa. Spana ilianguka. Hakukimbia kuja, na ilionekana hakuweza kukimbia. Alinyanyuka kwa kushika nguzo, akasimama pale, akamtazama mama yake kutoka kichwani mpaka miguuni na kurudi, kama anayehakikisha mzigo. Salima alimfikia. Alimshika mashavu, masikio, shingo, alimshika begani mahali alipoungua na uji akiwa na miaka mitatu, na kovu lilikuwepo. Ngozi ilikuwa ya moto. Hakupiga kigelegele. Mtandio alikuwa ameuuma kwa meno tangu alipoteremka kwenye baiskeli.

Amissi aliutoa ule mtandio mdomoni mwa mama yake taratibu. Alikuwa akilia, lakini sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyelitunza swali miaka mingi na kulikariri peke yake.

"Nilikuita miaka sita, Mama. Kutoka Gitega mpaka hapa ni siku moja. Kwa nini hukuja?"

Salima, ambaye hakukosa neno maisha yake yote, alilitafuta na kukuta moja tu, na alijua linavyosikika kabla halijatoka.

"Niliogopa kukuacha peke yako," alisema.

Amissi alimgeukia dada yake, akitaka mtu amweleze. Swabra alikuwa amefunika uso.